Msamba wa Fundi Makochi

Jumatatu, 3 Juni

Nimefanya kazi, nimeoga, nimekula, nimesema uongo mmoja mdogo. Kwa ujumla siku njema.

Uongo ulitoka wenyewe, sikuusukuma. Tulikuwa mezani. Kifungaduka akaanza tena habari za Siku ya Wazazi. Kifungaduka ni binti yangu wa mwisho, yuko darasa la tatu. Tunamwita hivyo kwa sababu baada yake mimi na mama yake tulifunga duka. Shuleni kwao, kila mwaka, mzazi anayejiamini hupanda jukwaani na kuonyesha anachoweza. Mwaka jana Fundi Mageti, yule mchomeleaji wa ng'ambo ya barabara, alimnyanyua mwalimu wa zamu pamoja na kiti chake. Tangu siku hiyo binti yake anatembea pale shuleni kama mtoto wa kreni.

Kifungaduka akaniuliza: Baba, kwani wewe unaweza nini?

Nilikuwa nimeshiba. Nikishiba mdomo wangu hauna breki. Nikamwambia mimi napiga msamba. Mguu mmoja huku, mwingine kule, makalio sakafuni, tena kikombe cha chai mkononi na hakimwagiki. Mke wangu akapaliwa na maji. Kifungaduka hakucheka. Alinitazama kama ndiyo kwanza ananiona. Akauliza kama naweza kuupiga Siku ya Wazazi. Nikasema hata kesho wakitaka.

Akanikumbatia shingo. Mtoto huyu hajawahi kunikumbatia shingo kwa jambo nililolifanya kweli.

Jumanne, 4 Juni

Ameshawaambia darasa zima. Darasa zima limewaambia wazazi wote. Mwalimu ameniweka kwenye ratiba ya tarehe 22, kati ya kwaya na zawadi.

Fundi Mageti kaniita kutoka ng'ambo, miwani ya kuchomelea utosini. Akauliza kama suruali nitakayoichana nimeshaiaga. Nikamjibu aje na futi kamba yake apime mwenyewe kama patabaki nafasi ya kupita sisimizi. Mafundi wote wakashangilia. Nilijisikia vizuri sana, mpaka nilipokumbuka kwamba sasa inabidi niufanye.

Dada yangu mkubwa kapiga simu. Sijui nani kampelekea habari. Akasema katika maisha yangu yote msamba anaoukumbuka ni mmoja tu, ule wa mtaroni, siku niliyoruka mtaro nikafika mguu mmoja, na kwamba nilimwita mama. Nikamwambia dada, mtandao unasumbua. Nikakata.

Jioni nimejifungia chumbani nijipime. Nikatanua miguu mpaka mwisho wa uwezo wangu. Mwisho wa uwezo wangu ni kama mtu anayevuka dimbwi. Dimbwi dogo. Goti likalia kama kiti kilichoishiwa gundi. Kati yangu na sakafu palibaki nafasi ya kigoda. Najua kwa sababu nilikileta kigoda, kikaenea, nikakikalia, nikapumzika.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepata dawa! Kumbe ilikuwa mbele ya macho yangu miaka yote!

Mimi ni fundi makochi. Chini ya mto wa kochi lolote la maana kuna mikanda mipana ya mpira, imevutwa na kupigiliwa misumari kwenye fremu. Ikivutwa sawasawa, ukiigonga kwa kidole inaimba. Mteja akikaa inampokea polepole kama mkwe. Mtaa huu hakuna anayevuta mpira kama mimi, na wanaosema yupo ni ndugu zake huyo aliyepo. Sasa, msuli ni nini? Msuli ni mpira uliovikwa nyama. Shule niliiacha njiani, lakini jambo hili halihitaji shule. Mimi nimekuwa daktari wa misuli muda wote huu bila kujijua.

Nimemweleza Mama Cherehani, anayeshona vitambaa vya makochi yetu, mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Akasema alipokuwa msichana alicheza netiboli, na mwalimu wao aliwakimbiza kuzunguka uwanja mpaka jasho liwatoke, ndipo wanyooshe viungo. Kwanza kupasha mwili moto, akasema. Nikamwambia hayo ni mambo ya watu wenye muda. Akasema haya baba, mguu wako, magongo yako.

Kuna pia jamaa kwenye simu, kifua kama godoro jipya. Anasema usiposikia maumivu hujafanya kitu. Huyo ndiye mtaalamu. Anatabasamu wakati wote.

Naanza kesho alfajiri, sakafu ikiwa bado baridi, kabla ya chai. Mwanaume hasa hapashwi moto, si wali wa jana.

Ijumaa, 7 Juni

Nimefanya kitu. Maumivu tele!

Mbinu ni hii. Pale karakana kuna fremu ya kochi la watu watatu, bado halijavikwa. Ni la hakimu mmoja mstaafu, mama mnyoofu ambaye hajawahi kucheka mbele yangu. Nimekaa katikati, kwenye mbao ya mbele. Mguu wa kushoto nimeufunga kwa mkanda wa mpira kwenye mkono wa kushoto wa kochi, wa kulia kwenye mkono wa kulia. Halafu nadundadunda. Kila nikidunda, mpira unavuta. Kuna watu huko duniani wananunua mashine kwa kazi hii. Mimi nimekalia mashine miaka yote nikidhani ni kochi.

Natembea kama bata anayetafuta pa kutagia. Mteja kaniuliza kulikoni. Nikamwambia siku hizi mjini ndio mwendo.

Jioni Kifungaduka kanipima. Kigoda hakipiti tena! Linapita tofali lililosimamishwa. Alipiga makofi mpaka akaruka. Mke wangu akauliza kama ni kawaida uso wa mtu kuwa rangi ile.

Jumamosi, 8 Juni

Vita imetangazwa. Fundi Mageti naye yuko mazoezini. Nimemwona kwa macho yangu: kisigino juu ya geti la mteja, mwili umekunjwa, anataka kubusu kiatu chake. Nikamuuliza, bwana wee, wewe si wa kunyanyua walimu? Akasema mwaka huu anamnyanyua mwalimu mkuu mwenyewe, na mwalimu mkuu ni mzito, lazima kwanza mwili ulainike. Kisha akahamishia kisigino kwenye ukingo wa juu zaidi, kwa ajili yangu tu. Nikamcheka. Akatoa sauti nyembamba, kama paka aliyekanyagwa nyumba ya tatu. Akashusha mguu kwa mikono miwili. Akasema kuna kitu amekisahau ndani. Hakutoka tena.

Mke wangu anasema kesho nipumzike, mwili nao una siku yake. Nimekubali mbele yake.

Jumatatu, 10 Juni

Naandika nikiwa nimelala ubavu. Ubavu mmoja tu. Mwingine umefungwa kwa matengenezo.

Jana sikupumzika. Nilivuta kwa siri, nikitumia miguu ya kitanda. Leo asubuhi mvua, baridi, sakafu kama barafu. Nikaona nifidie ubaridi kwa nguvu. Nikafunga mikanda mipya, ile migumu ambayo huwa tunaitunza kwa makochi ya ofisini. Nikadunda. Nikadunda tena kwa hasira, nikimfikiria Fundi Mageti.

PA!

Wazo langu la kwanza: mpira umekatika, hasara hiyo. Nikatazama kushoto. Mpira mzima. Nikatazama kulia. Mpira mzima. Kwa hiyo kilichokatika ni mimi.

Sikupiga kelele. Nilitoa taarifa kwa sauti. Mama Cherehani akaja mbio, na nyuma yake akaingia, katika siku zote za mwaka, yule hakimu mstaafu, amekuja kuangalia kochi lake limefikia wapi. Akalikuta na mimi ndani. Miguu imefungwa pande mbili, kaptura ya mwanangu mkubwa, machozi, kamasi. Akanitazama juu mpaka chini. Akauliza kama nina lolote la kujitetea.

Nikamkaribisha kiti.

Mama Cherehani akaikata mikanda kwa mkasi. Mpira uliovutwa ukikatwa unarudi. Nitaishia hapo: ulirudi.

Kusimama nikashindwa. Wakaamua kunibeba kwenye fremu ile ile, mafundi wanne, kila mmoja kona yake. Kona ya mbele kulia, Fundi Mageti. Nimepita barabarani nikiwa juu juu kama bwana harusi, mpaka zahanati, yeye akitangaza kila njia panda: "Jamani pisheni, msamba unapita!" Wanawake wakatoka saluni nywele nusu zimesukwa. Mwenye duka la dawa akafunga duka ili aone vizuri. Nyuma kabisa anatembea hakimu, mkoba mkononi, akilisindikiza kochi lake.

Jambo moja nimeliona. Fundi Mageti alikuwa akiguna kila hatua na kuburuta mguu. Nikadhani ni uzito wangu. Nikamwomba radhi.

Jumanne, 11 Juni

Leo nimeonana na daktari wa viungo. Binti mdogo tu, anaweza kuwa mwanangu. Neno lake la kwanza: "Pole, mzee." Mzee! Mimi! Nikamwambia mwanangu, huyu unayemwita mzee juzi tu alikuwa anakaribia msamba. Akasema ndiyo, naona.

Kaminyaminya, kakunja, kauliza wapi panauma. Nikamwambia itakuwa rahisi nimwoneshe pasipouma. Msuli wa nyuma ya paja umechanika, si wote, sehemu yake. Hapo nikaona nimfundishe kidogo, maana ni kijana. Nikamweleza habari ya msuli na mpira. Badala ya kunipinga akavuta kiti. Akasema hebu nieleze, mzee, kochi zuri mpira wake unavutwaje?

Nikapanda juu ya mada yangu! Nikamwambia kwanza kabisa huvuti mpira ukiwa baridi, unauanika juani mpaka ulainike, hasa asubuhi. Anayevuta mpira wa baridi ni kibarua, si fundi. Pili, unavuta kidogo kidogo, unashikilia, unausikiliza. Huushtui. Ukiushtua unapata nyufa ambazo huzioni leo. Tatu, mpira wa zamani usiutendee kama mpya, una kiasi chake. Nne, ukianza kulalamika unaacha hapo hapo, hata kama mteja amesimama mlangoni. Na kochi likishavutwa unaliacha lilale siku moja kabla hujaendelea.

Nikamaliza. Nikasubiri sifa.

Akauliza: "Na mguu wako, mzee, uliuanika juani?"

Nikamwambia mguu haupigiliwi misumari, kwa hiyo si kitu kimoja. Nadhani alishindwa kujibu, maana aligeukia ukutani na mabega yakawa yanatikisika.

Kanipa magongo. Kanipa barafu, bandeji, na karatasi ya maelekezo. Siku za mwanzo kupumzika tu. Baadaye, akiniruhusu yeye, kutembea taratibu mpaka mwili upate joto, kisha kunyoosha polepole huku napumua, hadi nisikie mvuto, nisifike kwenye maumivu. Kudundadunda marufuku. Kamba, mipira na samani, marufuku. Hiyo kaiongeza kwa mkono wake. Nikamuuliza na msamba wa tarehe 22? Akasema mwaka huu nisahau. Mwaka ujao nimwulize tena, na atasema hivyo hivyo.

Wakati huo nasikia mtu anaguna nyuma ya pazia. Mguno ninaoujua. Nikavuta pazia kwa gongo. Fundi Mageti! Amelala chali, mfuko wa barafu kinenani, anatazama dari kama msafiri aliyekosa basi. Lile geti la Jumamosi. Ameficha siku zote hizi, na jana akanibeba na nyonga mbovu!

Tulitazamana. Hakuna aliyecheka. Tumeapa: yeye hasemi langu, mimi sisemi lake. Halafu nikakumbuka kwamba langu mtaa mzima umeliona. Huyu mtu ni mjanja.

Jumatano, 12 Juni

Nimemwambia Kifungaduka.

Nilifikiri atalia. Afadhali angelia. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akasema basi kesho atawaambia wenzake. Binti wa Fundi Mageti ameshasema mbele ya wote kwamba msamba wa baba yake Kifungaduka ni wa mdomoni. Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote: "Baba, lakini zamani uliwahi kuupiga kweli?"

Nikasema karibu.

Akauliza karibu ni kiasi gani.

Nikamwonesha kwa mikono. Akaitazama mikono yangu, akaisogeza iachane zaidi, akanitazama usoni. Nikaiacha hapo alipoiweka.

Mguu unaniuma kidogo sana usiku huu ukilinganisha na hilo.

Halafu mtoto akachukua karatasi ya daktari, akaanza kunisomea, herufi kwa herufi, kidole chini ya maneno. Akasema kuanzia leo yeye ndiye msimamizi. Akanibadilishia barafu. Akanifunika shuka mpaka kidevuni, kama mimi ndiye mtoto.

Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia usiwaambie kitu wenzako. Bado. Fundi hashindwi.

Akauliza kweli? Nikasema kweli. Sikuwa hata nimeshiba!

Ijumaa, 14 Juni

Fundi hashindwi! Nimepata!

Watu wanaona nini mtu akipiga msamba? Suruali na viatu. Basi. Na mimi kazi yangu ni nini? Kuchukua sponji na kitambaa na kutengeneza kitu ambacho mtu akikiona anaamini ni kigumu ndani. Mikono ya makochi nimetengeneza maelfu. Mguu ni mkono wa kochi wenye kiatu!

Mpango: suruali yangu ya kijivu, miguu yote miwili imejazwa sponji, soksi, viatu vilivyopigwa rangi. Inalala jukwaani, mmoja kushoto, mwingine kulia, imenyooka kama rula. Katikati ya jukwaa shimo la kupitishia nyaya, ambalo mlinzi wa shule amenithibitishia lipo, na mtu mwembamba anaenea. Miguu yangu halisi inaingia shimoni, nasimama chini kwa mguu mmoja. Shati refu linafunika kiungo. Kikombe cha chai mkononi.

Mama Cherehani amekataa. Akasema hajashona miaka yote hii ili aje ashone miguu ya uongo. Nikamwambia mama, ni kwa ajili ya mtoto. Akachukua chaki yake. Akauliza nataka goti lionekane au lisionekane.

Jumanne, 18 Juni

Miguu imekwisha. Mizuri kuliko ya asili, nasema bila kujipendelea. Ya kwangu haijawahi kuwa na paja lile.

Kifungaduka haniachi. Akitoka shule anakuja na karatasi. Mimi zoezi langu ni kupumua na kuchezesha kidole gumba, daktari kaniruhusu hilo tu. Yaliyobaki ya karatasi anayafanya yeye, eti yasipotee. Anakimbia kuzunguka nyumba mpaka shanga za nywele zinapiga kelele, anarudi na jasho, anakaa sakafuni, ananyoosha mguu mmoja, anahesabu pumzi, anabadilisha. Namwambia mwanangu vuta zaidi, mbona unaogopa? Ananionesha karatasi. Hadi usikie mvuto, usifike kwenye maumivu. Mkaidi. Sijui katoa wapi.

Hajui habari ya sponji. Nimemwambia tu nimepona kiajabu. Alifurahi nusu. Ile nusu nyingine alikuwa anatazama magongo.

Jumamosi, 22 Juni

Niandike kama ilivyokuwa.

Uwanja umejaa. Kwaya imeimba. Pazia limefungwa, nikaingia shimoni, Mama Cherehani akanipanga miguu, akavuta shati, akaniambia nisicheke maana kiungo kinaachia. Pazia likafunguka.

Kelele hizo! Wazazi wamesimama juu ya viti! Niko pale, miguu imelala pande mbili, mgongo wima, nakunywa chai. Hakimu mstaafu, mgeni rasmi kumbe, akavua miwani akaivaa tena. Mstari wa mbele Kifungaduka ameshika mdomo kwa mikono miwili. Binti wa Fundi Mageti ameinama. Nikasema moyoni, hata nikifa leo sawa.

Fundi Mageti akainuka. Alikuwa ameshatangaza hanyanyui mtu, eti amemwachia mwalimu mkuu heshima yake. Akapanda jukwaani akichechemea, kunipongeza. Ananijua, yule. Akanipa mkono wa kulia, na hapo hapo kisigino chake kikanikanyaga kiatu. Kwa makusudi, kwa uzito wote.

Mimi natabasamu.

Akakanyaga tena, akizungusha. Mimi nakunywa chai. Watu wakaanza kunong'ona. Mtu gani huyu? Fundi Mageti akaniinamia, akauliza kwa sauti ya chini: "Ndugu yangu, husikii?" Nikamwambia mazoezi. Akauinua mguu mwingine aupandishe juu ya paja langu, na hapo nyonga ikamkumbusha. Akayumba. Akatafuta pa kushika. Akashika mguu wangu.

Akaanguka nao.

 Fundi Mageti chali, amekumbatia mguu wenye soksi na kiatu. Mama mmoja nyuma akapiga ukelele kwamba amemng'oa! Kisha sponji ikatoka. Kisha ndipo walipocheka. Walicheka mpaka maspika yakapiga mluzi. Chai ikamwagika.

Mimi sikuwatazama wao. Nilimtazama Kifungaduka. Alikuwa amesimama. Akageuka akaanza kukimbia, moja kwa moja kuelekea geti la shule. Nikajaribu kutoka shimoni nimfuate, mguu mmoja umekataa, mwingine hauna nguvu, nikabaki nimekwama kifuani kama kizibo. Nikamwita jina lake. Hasikii.

Alipofika getini akakata kona. Akapita nyuma ya madarasa. Akatokea upande wa pili, mbio zile zile, akapita mbele ya jukwaa, akaenda tena. Watu wakaacha kucheka mmoja mmoja. Akazunguka uwanja tena. Shanga zinapiga kelele. Nikaelewa. Hakuwa anakimbia aibu. Mtoto alikuwa anapasha mwili moto!

Akapanda jukwaani anahema, jasho usoni. Akamnyang'anya Fundi Mageti mguu wangu, akanirudishia. Akachukua kipaza sauti. Akasema baba yangu ameumia kweli, kwa sababu alivuta akiwa baridi, akadundadunda, akajifunga kwenye kochi, na hakupumzika Jumapili. Akasema msamba ni hivi.

Akashuka. Polepole, mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, anapumua, anashuka. Uwanja mzima unapumua naye. Nikajikuta napiga kelele: shuka mwanangu, bado kidogo, lazimisha! Akasimama. Kati yake na jukwaa palibaki nafasi ya kiganja. Akanitazama pale nilipokwama. Akasema kwenye kipaza sauti: "Hapa ndipo nasikia mvuto. Naishia hapa. Panatosha."

Sijawahi kusikia makofi kama yale. Hakimu mstaafu alicheka, nina mashahidi. Binti wa Fundi Mageti alikuja kumwuliza kama atamfundisha, na Kifungaduka akamwambia kwanza azunguke uwanja.

Nilitolewa shimoni na watu watatu. Kitu kikaniingia machoni, vumbi la sponji. Sponji ina vumbi sana.

Jumatatu, 24 Juni

Leo daktari wa viungo kanipokea kwa heshima mpya. Habari zimemfikia. Akasema binti yangu ana akili, amezitoa kwa mama yake. Akaniuliza mimi nimejifunza nini.

Nikamwambia nimejifunza mengi, mwanangu. Mengi sana. Kwamba damu haipotei: mtoto kashuka vile, baba yake je, akiwa mzima? Kwamba shimo la jukwaa lingekuwa pana kidogo tusingekuwa hapa. Na kwamba mguu una masharti mengi mno, mtu mwenye kipaji asiutegemee.

Akasema wiki nyingine kadhaa za magongo. Akarudia yote: kupasha moto, polepole, kuacha panapouma. Nikamwambia nimesikia. Nimesikia.

Wakati natoka nimepishana na Fundi Mageti mlangoni, gongo kwa gongo. Akanionesha mkono wake mmoja, kaupitisha juu ya bega, mwingine kaupitisha chini, vidole nusura vigusane nyuma ya mgongo. Akasema jaribu na wewe, Bwana Sponji. Nilijaribu pale pale. Kati ya vidole vyangu inaweza kulala kanga nzima.

Lakini ngoja kwanza. Karatasi ya daktari nimeisoma yote, nimemsomesha na Kifungaduka bila kumwambia sababu. Imekataza miguu. Kuhusu mabega haina hata neno moja.

Nimerudi karakana Mama Cherehani alipokwenda kula. Kuna fremu mpya ya kochi la mtu mmoja, mikono imara, urefu wa mabega kabisa. Mpira nimeshaukata. Kesho alfajiri, kabla ya chai.

Nilitaka kuuanika juani kwanza. Kuna mawingu.